Mshale wa Spidi: Shahidi Aliye Ndani ya Gari

Tarehe 28 Januari 1896, katika kijiji cha Paddock Wood, jimbo la Kent nchini Uingereza, bwana mmoja aitwaye Walter Arnold alipita na gari lake la injini mbele ya askari polisi. Askari hakuwa na gari. Alipanda baiskeli akamfukuza maili tano hivi mpaka akamkamata. Kosa lake lilikuwa kwenda mwendo wa maili nane kwa saa mahali ambapo sheria iliruhusu maili mbili tu. Maili nane kwa saa ni kama kilomita 13, mwendo ambao leo hata mwendesha mkokoteni akiteremka mlima anaweza kuupita. Arnold alitozwa shilingi moja kwa kosa hilo la mwendo, pamoja na faini za makosa mengine, na jina lake limebaki katika historia kama dereva wa kwanza Uingereza kuadhibiwa kwa kuendesha kasi.

Ndugu msomaji, kisa hiki hupendwa sana na wanaosimulia mambo ya magari, na watu hukicheka. Lakini ndani yake mna swali ambalo si la kuchekwa. Nani aliipima hiyo maili nane? Magari ya wakati ule hayakuwa na mshale wa spidi. Askari alikisia kwa miguu yake iliyokuwa ikikanyaga pedeli, na dereva naye alikuwa na makisio yake. Mahakama ilikuwa na maneno ya watu wawili na haikuwa na shahidi wa tatu.

Juma hili nimeamua tuzungumze juu ya huyo shahidi wa tatu, ambaye kwa Kiswahili cha vitabu huitwa kipimamwendo, na kwa Kiswahili cha gereji huitwa spidomita au mshale wa spidi. Nimemchagua kwa sababu moja. Katika magari yetu ya zamani, hasa pikapu zinazobeba mboga, mkaa, saruji na mara nyingi binadamu, mshale huu ndio kifaa cha kwanza kufa na cha mwisho kutengenezwa. Taa ikifa itatengenezwa, maana usiku utaingia. Breki zikifa zitatengenezwa, maana mtu anaogopa. Mshale ukifa, gari linaendelea kutembea kama kawaida, na dereva anakwambia, "Mimi naisikia spidi kwa masikio."

Hebu turudi nyuma kidogo. Binadamu alianza kupima umbali wa safari zamani sana kabla ya kupima mwendo. Mhandisi wa Kirumi aitwaye Vitruvius, aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alieleza katika maandishi yake chombo cha kufungwa kwenye mkokoteni. Gurudumu la mkokoteni lilikuwa na kipenyo cha futi nne, na kwa hesabu yake kila likizunguka mara moja lilikuwa limekwenda futi 12 na nusu. Gurudumu lilisukuma meno ya magurudumu mengine madogo, na baada ya mizunguko 400 kijiwe kimoja kilidondoka katika chombo cha shaba kwa mlio. Zidisha 400 kwa 12 na nusu, utapata futi 5,000, ndiyo maili moja ya Warumi. Msafiri akifika mwisho wa siku alihesabu vijiwe, akajua amekwenda maili ngapi.

Shika jambo hili moja, kwa sababu tutalihitaji huko mbele tukifika gereji. Chombo cha Vitruvius hakikujua barabara. Kilichokijua ni gurudumu. Kilihesabu mizunguko, kisha kikaamini kwamba kila mzunguko ni futi 12 na nusu. Laiti mtu angebadilisha gurudumu akaweka kubwa zaidi, vijiwe vingedondoka vichache na maili zingepungua, ingawa barabara ni ile ile.

Mabaharia nao walikuwa na njia yao. Baharini hakuna gurudumu, kwa hiyo walitupa majini kipande cha ubao kilichofungwa kamba yenye mafundo, na wakati kamba ikijifungua walitazama kichupa cha mchanga. Kwa kipimo kilichokuja kuzoeleka, fundo na fundo lilikuwa kama mita 14.4, na mchanga ulimalizika kwa sekunde 28. Mafundo yaliyopita mkononi katika muda huo ndiyo yaliyokuwa mwendo wa chombo. Ndiyo maana mpaka leo, pwani yote ya dunia, kasi ya meli huhesabiwa kwa mafundo, na fundo moja ni mita 1,852 kwa saa. Hapo binadamu alikwisha kupata kanuni ya msingi kwamba mwendo ni umbali uliogawanywa kwa muda. Kilichokosekana ni chombo cha kufanya hesabu hiyo chenyewe, bila kusimama, huku gari likienda.

Chombo hicho kilitafutwa kwa bidii mara tu magari yalipoanza kuwa mengi, na waliokitafuta hawakuwa na haja ya anasa. Walikuwa na ugomvi. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1896 ilipandisha kikomo cha mwendo mpaka maili 14 kwa saa, na ya mwaka 1903 ikakifikisha maili 20. Polisi wakaanza kupima vipande vya barabara na kujificha vichakani wakiwa na saa. Gari likipita alama ya kwanza saa inabonyezwa, likipita ya pili inabonyezwa tena, kisha askari anatokeza na kitabu chake. Wenye magari walilalamika kwamba saa zinakosea, au mikono inachelewa, au umbali haukupimwa sawasawa. Mwaka 1905 waliunda chama chao, Automobile Association, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutuma watu wa baiskeli barabarani kuwaonya madereva kwamba mbele kuna mtego. Madereva wetu wanaowashiana taa leo kuashiria kwamba mbele kuna tochi wasidhani wamegundua jambo jipya.

Marekani hali ilikuwa hiyo hiyo. Mwaka 1899 dereva mmoja wa teksi jijini New York alikamatwa kwa kwenda maili 12 kwa saa, na huko pia aliyemkamata alikuwa askari wa baiskeli. Mwaka 1901 jimbo la Connecticut likatunga sheria ya mwendo wa magari, maili 12 mijini na 15 nje ya mji. Sasa jiulize, dereva atatii vipi maili 12 ikiwa hana cha kumwambia kwamba hii ni 12 na ile ni 15? Sheria ilikuwa imetangulia, na chombo kikabaki nyuma.

Chombo kilichofanikiwa kilitoka Strasbourg, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani na leo uko Ufaransa. Tarehe 7 Oktoba 1902 mvumbuzi Otto Schulze alisajili mjini Berlin hakimiliki ya kipimamwendo chake. Nitakieleza kwa utulivu, maana pikapu za zamani tulizonazo hapa kwetu zinatumia kanuni ile ile ya Schulze, bila mabadiliko makubwa, na anayeielewa hawezi kudanganywa kirahisi.

Nyuma ya giaboksi, pale mzunguko unapotoka kwenda kwenye propela, kuna gia ndogo yenye umbo la skrubu. Gia hiyo inazungusha gia nyingine ndogo zaidi, mara nyingi ya plastiki. Gia ya plastiki inazungusha kebo ya chuma iliyosokotwa kama kamba, ambayo hupita ndani ya mpira wake chini ya gari mpaka kwenye dashibodi. Huko juu kebo inazungusha sumaku. Sumaku imefunikwa na kikombe chepesi cha aluminiamu, na kikombe hicho ndicho kimeshika mshale. Hapa ndipo penye ajabu. Sumaku na kikombe havigusani hata kidogo.

Sasa mshale unavutwa na nini? Aluminiamu haishikwi na sumaku, kila mtoto aliyecheza na sumaku ya redio anajua. Jibu lilianza kupatikana Ufaransa mwaka 1824, mtaalamu François Arago alipoonyesha kwamba sahani ya shaba ikizungushwa chini ya sindano ya dira, sindano nayo huanza kuifuata, ingawa shaba haivutwi na sumaku. Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza akaeleza sababu yake. Sumaku ikipita karibu na metali, huzalisha umeme ndani ya metali hiyo, na umeme huo nao una usumaku wake. Kwa hiyo sumaku ya spidomita ikizunguka hukikokota kikombe bila kukigusa. Ikizunguka polepole hukikokota kidogo, ikizunguka upesi hukikokota sana. Kuna kamani nyembamba kama ya saa ya mkononi inayokivuta kikombe kirudi. Mahali nguvu hizo mbili zinaposawazika, hapo ndipo mshale unaposimama, na hapo ndipo pameandikwa 40 au 80.

Namba za kilomita, zile zinazojigeuza moja moja, ni jambo lingine. Zenyewe zimeunganishwa na kebo moja kwa moja kwa meno ya gia, kama vijiwe vya Vitruvius. Ndani ya kisanduku kimoja basi mna vyombo viwili. Cha namba kinashikana na kebo kwa meno, na cha mshale kinakokotwa na sumaku bila kuguswa.

Ilichukua muda kwa serikali kulazimisha chombo hiki. Uingereza iliondoa kikomo cha mwendo wa magari madogo mwaka 1930, ikidhani madereva watajitawala wenyewe. Mwaka 1934 watu zaidi ya 7,000 walikufa barabarani nchini humo, na Machi 1935 kikomo cha maili 30 kwa saa mijini kikaanza. Kisha ikaonekana kwamba huwezi kumwadhibu mtu kwa kuvuka 30 kama hujamlazimisha kuwa na cha kumwonyesha 30. Magari mapya yaliyosajiliwa kuanzia tarehe 1 Oktoba 1937 yakatakiwa kuwa na kipimamwendo. Kutoka kwa Arnold mpaka hapo ni miaka 41.

Huku kwetu Afrika Mashariki mshale uliingia ukiwa umeandikwa maili. Barabara zilipimwa kwa maili, na ndiyo maana mpaka leo kuna mahali panaitwa Maili Moja pale Kibaha. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliwapa watu wetu heshima kwa magari yanayostahimili vumbi. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na pikapu za jina hilo zikaenea mashambani. Toyota Hilux ilitoka kiwandani Japani kwa mara ya kwanza mwaka 1968. Baadaye, milango ya biashara ilipofunguliwa, magari yaliyokwisha kutumika Japani yakaanza kushuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa kwa maelfu.

Matokeo yake ni mchanganyiko. Kuna vipimo vya maili na vya kilomita. Kebo za Kijapani kwa desturi huzunguka mara 637 kwa kilomita moja, wakati desturi ya Kimarekani ni mara 1,000 kwa maili, sawa na kama 621 kwa kilomita. Fundi anayepachika kisanduku cha gari hili katika gari lile kwa sababu tu tundu limekubali anabadilisha hesabu, na mwenye gari hajui.

Nitoe mfano ninaoujua kwa karibu. Dada yangu mkubwa anafanya biashara ya mboga, na ana pikapu ya miaka ya themanini. Mwaka 2019 kijana anayeiendesha alikamatwa na tochi katika eneo la kibao cha 50. Tochi ilisoma 58. Faini ilikuwa shilingi 30,000, na dada akaikata katika mshahara wake. Kijana akaapa.

"Mama, Mungu shahidi, mshale ulikuwa juu ya hamsini. Sikuuvuka."

"Mashine ya polisi na hiyo saa yako ya tangu enzi za mababu, niamini ipi?" dada akamuuliza. Yalikuwa yamebaki maneno machache kijana aachishwe kazi, kwa sababu tatizo la dada halikuwa 30,000. Alianza kumwona kijana kuwa mwongo, na mwongo hapewi gari.

Nikawashauri waende kwa fundi kwanza. Tulimwendea mzee mmoja Gerezani, ambaye amefungua dashibodi nyingi kuliko miaka yake. Dada akamwamkia, akamweleza. Mzee hakugusa spana. Alianza kwa kuuliza maswali, na maswali yake ndiyo ninayotaka kuyaandika hapa, kwa sababu yanafaa kwa pikapu yoyote yenye kebo.

"Namba za kilomita zinatembea?" Kijana akajibu kwamba zinatembea.

Mzee akaeleza. Kama mshale na namba vyote vimekufa pamoja, usifungue dashibodi. Tatizo liko chini: kebo imekatika, au imechomoka, au ile gia ya plastiki imeliwa meno. Chomoa kebo nyuma ya dashibodi, inua gurudumu la nyuma kwa jeki huku ya mbele yamewekewa mawe, weka gia, utazame kama ncha ya kebo inazunguka. Ikizunguka, kebo ni nzima. Isipozunguka, ichomoe nzima uikague. Kama imekatika utaiona. Kama haikukatika, nenda kwenye gia. Lakini kama namba zinatembea na mshale umelala, kebo haina kosa. Kosa limo ndani ya kisanduku, katika kikombe, kamani au mshale wenyewe, na kubadilisha kebo hapo ni kutupa fedha.

"Mshale unacheza cheza?" Hapana, unatulia. Mshale unaoruka ruka, alisema, hasa gari likienda polepole, ni dalili ya kebo iliyokauka au iliyopindwa kona kali. Kebo huganda, kisha hujifyatua, huganda tena. Dawa yake ni kuichomoa, kuifuta, kuipaka grisi kidogo na kuinyoosha njia yake. Akasisitiza neno "kidogo". Grisi ikizidi hupanda na kebo mpaka ndani ya kisanduku, ikashikanisha sumaku na kikombe, na mshale ukaanza kusema 100 gari likiwa kwenye 60.

"Gari likisimama, mshale unarudi sifuri?" Unarudi. Basi kamani haijalegea.

Mzee akanyamaza kidogo, akainama, akatazama magurudumu. "Haya matairi ndiyo yaliyokuja na gari?"

Hayakuwa yenyewe. Aliyemuuzia dada gari alikuwa ameweka rimu na matairi makubwa ili pikapu inyanyuke kwa ajili ya barabara za shamba. Mzee akachukua chaki. Akachora mstari kwenye tairi na mstari sakafuni, vikakutana. Akatuambia tusukume gari taratibu mpaka mstari wa tairi urudi chini, akachora tena sakafuni, kisha akapima kwa futikamba. Mita 2 na sentimita 30. Halafu akatoa tairi kuukuu la saizi ya asili ya gari lile, akalibingirisha vile vile sakafuni. Mita 2 kamili.

Hesabu ilikuwa rahisi. Kila gurudumu likizunguka, gari lilikuwa likienda sentimita 30 ambazo kebo haikuzijua. Hiyo ni asilimia 15. Mshale ukisema 50, gari liko kwenye 57 na nusu. Mshale ukisema 80, gari liko kwenye 92. Tochi ilisoma 58. Tochi haikukosea na kijana hakudanganya. Mshale wenyewe haukuharibika. Ulikuwa ukihesabu kwa uaminifu gurudumu ambalo halikuwepo tena.

Dawa zilikuwa mbili, kurudisha matairi ya saizi yake au kubadilisha ile gia ndogo ya plastiki. Yao ilikuwa na meno 23. Ukiweka yenye meno 20, kebo huzunguka haraka zaidi kwa asilimia 15, na hesabu inarudi mahali pake. Gia ilipatikana siku ya tatu katika maduka ya vipuri vikuukuu, kwa bei ndogo kuliko faini. Dada alimrudishia kijana 30,000 yake. Kwa polisi hakurudi, kwa sababu mbele ya sheria mwendo ni ule wa gari, na mwenye gari ndiye anayepaswa kuhakikisha mshale wake unasema kweli.

Nimeeleza kisa hiki kirefu kwa sababu wengi wetu tukisikia "spidomita mbovu" tunafikiria mshale uliolala. Mshale uliolala una heri, maana unajulikana kuwa umelala. Wenye hatari ni ule unaosimama vizuri, unaotulia, unaorudi sifuri, na unaosema pungufu. Ndiyo maana kanuni ya kimataifa ya vipimamwendo, kanuni namba 39 ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, inaruhusu mshale wa gari jipya uzidishe kidogo lakini hairuhusu kabisa upunguze. Gari likiwa kwenye 80 halisi, mshale unaweza kuonyesha mpaka 92, ila haufai kuonyesha 79.

Kuna ugonjwa wa tatu, na huu haukuletwa na kutu. Ni kebo iliyochomolewa kwa makusudi. Mwuzaji anaichomoa ili namba zisipande kabla ya mnunuzi kuja. Dereva anaichomoa ili tajiri asijue safari za pembeni za usiku. Wengine hufungua kisanduku na kurudisha namba nyuma. Jambo hili lilienea hata Marekani mpaka mwaka 1972 nchi hiyo ikatunga sheria ya kitaifa ya kulikataza. Anayechomoa kebo kuficha kilomita anaua na mshale pia, kwa sababu kebo ni moja. Kwa kuficha hesabu ya fedha amepofusha jicho la usalama. Ukienda kununua pikapu kuukuu na mshale umelala, angalia nati ya kebo nyuma ya giaboksi. Kama ina alama mpya za plaizi katikati ya vumbi la miaka, kuna mkono uliopita hapo.

Sasa wako watakaoniuliza, "Bwana mtangazaji, yote haya kwa ajili ya kilomita saba?" Ndiyo, kwa ajili ya kilomita saba. Gari likienda 80 kwa saa, kila sekunde linakula mita 22. Mtoto akikatiza, mguu wa dereva ukachukua sekunde moja kufika kwenye breki, mita 22 zimekwisha kabla breki haijaguswa. Na nguvu ya gari haipandi sawa na mwendo, inapanda kwa mraba wake. Kutoka 50 kwenda 80 mwendo umeongezeka kwa asilimia 60, lakini nguvu inayopaswa kuzimwa na breki, au na mwili wa mtu, imekuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Ile 80 ya pikapu ya dada, iliyokuwa 92 halisi, ilibeba karibu theluthi moja ya ziada. Na nyuma ya pikapu za namna hiyo, juu ya magunia, wamekaa watu wasio na mkanda wala kiti.

Kuhusu masikio ya dereva, wanaochunguza mambo ya barabara wameonyesha kwamba mtu aliyekwenda kasi kwa muda mrefu huuona mwendo wake kuwa mdogo kuliko ulivyo. Aliyetoka mbio tangu Chalinze akiingia kwenye kijiji na kupunguza kidogo, anahisi kama anatambaa. Masikio yake yamezoea. Mshale hauzoei.

Serikali zetu zimejaribu njia nyingine. Sheria yetu ya usalama barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha 50 penye makazi. Kenya, chini ya Waziri John Michuki, ilitunga kanuni mwaka 2003 zilizoanza kutumika Februari 2004, zikalazimisha matatu kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80. Magari ya siku hizi hayana kebo tena, yanatumia vihisi vya umeme, na mabasi hufuatiliwa kwa mitambo. Hayo yote ni mema, lakini hayaigusi pikapu ya mwaka 1985 inayotoka shambani saa kumi alfajiri. Hiyo ina kebo yake, mwenye gari wake na fundi wake tu.

Kwa hiyo nawapa mtihani mdogo usio na gharama. Katika barabara kuu zetu kuna vijiwe vya kilomita. Chagua mahali panyoofu pasipo na magari mengi, dereva ashike 50 kamili kwenye mshale, na abiria, si dereva, atazame saa. Kutoka kijiwe mpaka kijiwe zinapaswa kupita sekunde 72. Ukishika 80, sekunde 45. Zikipita pungufu ya hapo, gari lako linakwenda kasi kuliko linavyokwambia, na ni wakati wa kumwona fundi mwenye chaki. Mwenye simu ya kisasa anaweza kutumia kipimo cha setilaiti kilichomo, ila simu nayo ishikwe na abiria. Huo ni mtego ule ule wa askari wa mwaka 1905 na saa yake kichakani. Tofauti ni kwamba safari hii umejitegea mwenyewe, na ukinaswa hulipi faini.